Muziki Upi Hudumu?

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alikuwa na santuri ya kuzungusha kwa mkono, na sahani chache alizozitunza sandukuni kati ya kanga zake. Siku moja niliangusha moja, ikavunjika vipande vitatu. Nililia kwa kuogopa fimbo, walakini bibi hakunipiga. Jioni, akipukuchua mahindi, aliuimba wimbo wa sahani ile tangu mwanzo hata mwisho. Tangu siku hiyo nimejiuliza: katika muziki, ni kitu gani kivunjikacho, na ni kitu gani kidumucho?

Wako wasemao kwamba muziki bora ni ule ulionunuliwa na watu wengi. Lakini wingi wa wanunuzi hutupa habari za siku ya soko tu. Hautuambii kitu kile kilitumiwaje nyumbani. Wengine husema, "Ya kale dhahabu." Hili nalo si kweli daima, kwa maana chungu kinachovuja hakiachi kuvuja kwa sababu kimezeeka.

Na tutazame mifano. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika Unguja, mtoto wa watu maskini, alikwenda Bombay pamoja na wapigaji wenzake, na sauti yake ikatiwa katika sahani. Sahani za siku zile zilifanywa kwa ulimbo wa wadudu wa Bara Hindi. Kila upande ulichukua dakika tatu hivi, na zikianguka zilivunjika. Siti mwenyewe alifariki mwaka 1950. Hata hivyo nyimbo zake hazikuzikwa pamoja naye: Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba mpaka uzeeni. Kwa nini? Kwa sababu Siti aliwaimbia watu wake kwa Kiswahili chao, akataja mapenzi yao na maonevu yao, na kila aliyesikia alijiona ndani ya wimbo.

Mfano wa pili watoka mbali. Zamani sahani za muziki mrefu ziliwekwa katika mifuko iliyofungwa pamoja kama kitabu cha picha, ndipo likaja jina la albamu. Na ilipotoka sahani moja ya kuchukua muziki mrefu, mwaka 1948 huko Marekani, jina lilibaki. Mwaka 1959 Miles Davis, mpiga tarumbeta Mmarekani mweusi, aliingia na wenzake siku mbili tu katika nyumba moja ya New York iliyokuwa kanisa hapo kale, wakarekodi albamu iitwayo Kind of Blue. Aliwapa maelekezo machache tu, hata kila mmoja akalazimika kumsikiliza mwenziwe. Tena mashine moja ilikwenda vibaya, na upande wa kwanza ukatoka na sauti iliyopanda kidogo. Toleo lililosahihishwa lilitoka mwaka 1992. Kwa miaka zaidi ya 30 watu waliipenda pamoja na kosa lake. Basi si ukamilifu udumishao muziki.

Mimi naona kwamba muziki udumuo ni ule usiokwisha kwa kusikiwa mara moja. Ni kama kisima: mtoto huchota kwa kibuyu chake, mtu mzima kwa mtungi, na maji yangaliko. Utotoni huusikia mdundo. Ukubwani huyasikia maneno. Na ukiisha kufiwa, husikia kile ambacho mwimbaji hakukitamka.

Lakini tusidhani kwamba wakati ni hakimu wa haki. Ni waimbaji wangapi wasiopelekwa Bombay? Hatuwezi kusema nyimbo zao zilikuwa duni kwa kuwa zimepotea. Yamkini zilikosa mtu wa kuzipokea tu. Kudumu ni kazi ya wawili: aimbaye na apokeaye.

Bibi yangu amekwisha kufa. Wimbo ule nakumbuka ubeti wa kwanza peke yake; zilizobaki sikumwuliza, nikidhani yuko siku zote. Hivyo naliuvunja mara mbili: mara ya kwanza kwa mkono, mara ya pili kwa uvivu, na hii ya pili ndiyo isiyo na dawa. Wewe msomaji, ikiwa nyumbani mwako yuko mzee aimbaye akifanya kazi, usingoje. Keti karibu naye jioni ya leo, ukamwombe arudie.