Daftari la Wino Mmoja

Mwenzangu amenikubalia niandike kisa chake mradi nisitaje jina lake wala chuo. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mama mmoja, mteja wake, naye asitambulike. Yaliyobaki ni kweli, na sehemu yangu katika kisa hiki sijaipunguza.

Tulikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika ushauri nasaha. Mafunzo ya vitendo tuliyafanya katika kituo cha jamii hapa Ngara, ghorofani, mahali ambapo ukifungua dirisha unasikia makanga wakiita abiria na wauza mitumba wa Fig Tree wakinadi bei. Wateja wetu walikuwa watu wa mtaa: mchuuzi aliyebomolewa kibanda, mwanafunzi asiyepata usingizi, mjane anayegombania nyumba na shemeji zake. Mwenzangu alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na alijua kusikiliza kuliko sisi sote. Watu walifika mapokezi wakimtaka yeye kwa jina.

Katika mafunzo haya kila mwanafunzi huwa na msimamizi, mtu mzoefu wa kumweleza yanayotokea chumbani. Tena huwa na mshauri wake mwenyewe, ili mizigo yake isije ikachanganyika na ya wateja. Yote mawili huandikwa katika daftari la saa na kutiwa sahihi. Vikao vya mshauri, vya Jumamosi, tulivilipia kutoka mfukoni, na Jumamosi za Nairobi mnazijua: kuna mazishi, kuna harambee, kuna watoto. Mwenzangu aliruka wiki moja. Halafu ya pili.

Mwisho wa muhula nilimkuta akijaza daftari zima jioni moja. Miezi mitatu, mwandiko mmoja, wino mmoja. Kalamu ilikuwa yangu. Yake ilikuwa imekauka, nami nikampa bila kuuliza neno. Ningeulizaje, wakati daftari langu lilikuwa na saa mbili ambazo hazikuwahi kukaliwa? Msimamizi wake alizitia sahihi kurasa zote kwa mkupuo. Tangu 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Ni sheria njema na ilichelewa kuja. Lakini chumbani mle tulikuwa sisi wawili tu, na kalamu moja.

Dalili nyingine zilikuwepo, nasi tuliziita sifa. Mwenzangu alimpa mama mmoja nambari yake ya simu, mama aliyekuwa amezika mwanawe. Simu ikawa inalia katikati ya somo, naye anatoka nje kuipokea. Tulisema ana moyo. Kikao cha saa moja kikawa cha saa mbili. Akawa anamtolea mama nauli ya kurudi nyumbani. Sote tulijua kwamba mwenzangu mwenyewe alikuwa amemzika kaka yake mwaka mmoja kabla, na hakuna aliyewahi kumsikia akimzungumzia. Siku moja, akinisimulia habari za yule mama, aliteleza akasema "kaka yangu" badala ya "mwanawe". Nilisikia. Nikaendelea kunywa chai.

Ndugu msomaji, kama unasomea kazi hii, hapo ndipo nakusihi usimame. Mwenzako akiteleza namna ile, weka kikombe chini, umuulize.

Kulikuwa na swali moja ambalo mwenzangu hakumuuliza yule mama hata mara moja: kama amefikiria kufa. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kulitua. Alilijua hilo. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa jibu, kwa sababu hakuwa na wa kumpelekea. Tena, wakati ule kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mahakama Kuu ilikuja kuamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Wateja wengi walificha wazo hilo kwa hofu ya polisi, na baadhi yetu tukawasaidia kulificha.

Na Mathari? Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili, iliyoanza mwaka 1910, iko Barabara ya Thika, matatu moja tu kutoka Ngara. "Nilimwonea haya kumtajia Mathari," mwenzangu aliniambia. Sisi tuliokuwa tukiwahubiria watu wasiione haya tiba ya akili, jina la hospitali lilitushinda kulitamka.

Usiku mmoja mama alipiga simu mara nne. Mwenzangu alikuwa amelala, amechoka kupita kiasi. Asubuhi majirani wakamkimbiza mama hospitalini. Alipona, tunamshukuru Mungu. Msimamizi alipotaka maelezo ya vikao vya mwenzangu na mama, hayakuwepo.

Nimeirudia mara nyingi habari tuliyosoma darasani juu ya bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998, lililoua watu 213 hapa Nairobi, si mbali na Ngara. Daktari Frank Njenga na wenzake walikusanya majibu ya Wakenya 2,883 katika miezi iliyofuata, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo: kama watu 35 katika kila 100 walikuwa na dalili zinazokaribia ugonjwa wa kiwewe. Miongoni mwa mambo yaliyoandamana na hali hiyo ni kutomwambia rafiki yaliyokupata. Tuliliandika jibu hilo katika mtihani, mwenzangu na mimi, tumeketi dawati moja.

Mimi nilimwendea msimamizi wangu nikaziungama zile saa mbili, nikazirudia. Mwenzangu alikaa nje ya masomo mwaka mzima, akiwa mteja wa mshauri mwingine, akimlilia kaka yake. Amerudi. Juzi alinionyesha daftari jipya: ukurasa mmoja wino wa buluu, unaofuata mweusi, mwingine umeandikwa kwa penseli, na mahali pawili pameandikwa tu, "Leo sikwenda."