Jina la Mtunzi: Haki au Deni?

Siku moja katika kipindi cha fasihi, tulipokuwa tukiwaeleza wanafunzi wetu hapa Bujumbura desturi ya watunzi wa tenzi kutaja majina yao katika beti za mwisho, kijana mmoja wa mtaa wa Buyenzi alinyosha mkono akatuuliza swali tusilolitazamia. Alisema kwamba yeye hucheza michezo ya video, anazijua hila zake zote, lakini hajapata kumjua hata mtunzi mmoja wa michezo hiyo. "Mwalimu," akasema, "hao nao si watunzi? Mbona hawajitaji?" Darasa zima likacheka. Sisi hatukucheka, kwani swali lile lilitugusa penye kidonda, kama tutakavyoeleza mbele.

Nia ya makala haya ni kulijadili swali la kijana huyo, yaani: je, mtu aliyeajiriwa kutunga kitu, akalipwa mshahara wake, bado ana haki ya kuandika jina lake juu ya kitu hicho? Na akinyimwa haki hiyo, je, ni halali kwake kulificha jina humo kwa siri? Ili tusije tukaelea hewani, tutalitazama swali kupitia maisha ya mtunzi mmoja aliyefanya hivyo hasa, Mmarekani aitwaye Warren Robinett.

Robinett alizaliwa mwaka 1951. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Rice, jimbo la Texas, ambako shahada yake ya mwaka 1974 ilihusu matumizi ya kompyuta katika lugha na sanaa; kwa hiyo walimu wenzetu wasimdhanie kuwa mgeni kabisa katika ukoo wetu. Mwaka 1976 alipata shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwezi Novemba 1977 akaajiriwa na kampuni ya Atari. Kampuni hiyo ilikuwa imenunuliwa na Warner Communications mwaka 1976 kwa dola milioni 28, nayo ilikuwa ikiuza kijisanduku cha kuunganishwa na televisheni pamoja na kaseti za michezo.

Ni vema msomaji afahamu jinsi kazi hiyo ilivyokuwa zama zile. Siku hizi mchezo mmoja mkubwa huweza kuwa kazi ya mamia ya watu kwa miaka kadhaa. Wakati ule mchezo mzima, tangu wazo hadi picha, sauti na programu, aghalabu ulikuwa kazi ya mtu mmoja kwa miezi michache. Kaseti ilikuwa na nafasi ya baiti 4,096, na kijisanduku chenyewe kilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 128 tu. Kwa kuwa herufi moja huchukua baiti moja, makala haya unayoyasoma yasingeenea katika kaseti ile. Yangehitaji kaseti mbili na ya tatu ingeanza kutumika. Humo ndimo Robinett alimotia dunia nzima.

Mwaka 1978, huko Stanford, alicheza katika kompyuta kubwa mchezo wa maneno matupu uliotungwa na Will Crowther na kuendelezwa na Don Woods. Mchezaji wa mchezo huo huandika amri, naye husimuliwa mapango anayopita. Robinett akataka kuugeuza uwe wa picha. Mkubwa wake wa kazi alimwambia kwamba jambo hilo haliwezekani na kwamba asijaribu. Akajaribu. Matokeo yake ni mchezo uitwao Adventure, uliotolewa mwaka 1980: ngome tatu, majoka matatu, popo mwizi anayekunyang'anya ulichoshika, upanga, sumaku, daraja, na kikombe cha ajabu ambacho shujaa hana budi kukirudisha katika ngome ya dhahabu. Shujaa mwenyewe ni mraba mdogo tu, hana kichwa wala miguu. Hata hivyo aliyeucheza mchezo huo huuonea mraba ule huruma joka linapoumeza, na hilo nalo ni jambo la kutafakariwa na sisi tunaofundisha maana ya uhusika.

Kwa maelezo yake mwenyewe, mtunzi huyu alikuwa akilipwa dola 22,000 hivi kwa mwaka. Kaseti za mchezo wake ziliuzwa kiasi cha milioni moja. Hakupata fungu lolote la mauzo hayo, wala jina lake halikuandikwa popote, si juu ya kasha, si ndani ya kijitabu cha maelekezo. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alicheza kwao, watazamaji wakatoa tuzo, na tuzo ikapokewa na mwenye nyumba.

Hakuwa peke yake katika uchungu huo. Mwaka 1979 wenzake wanne, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, walimwendea rais wa kampuni, Ray Kassar, mtu aliyetoka katika biashara ya nguo, wakaomba watambuliwe. Kwa mujibu wa masimulizi yao, aliwajibu kwamba wao si muhimu kuliko mfanyakazi anayeunganisha kaseti kiwandani. Wakaondoka, wakaanzisha kampuni yao iitwayo Activision, ambayo ilimtaja mtunzi kwa jina juu ya mchezo wake. Hiyo ilikuwa njia ya wazi. Robinett alikwenda njia nyingine.

Ndani ya ngome nyeusi, katika vichochoro vyake vilivyopotana, alificha nukta moja ndogo kuliko zote, yenye rangi ile ile ya mandhari iliyo nyuma yake, hivyo kwamba jicho haliioni. Mchezaji akiipata kwa kupapasa, akaichukua hadi kwenye ujia fulani karibu na ngome ya dhahabu pamoja na vitu vingine, kizuizi cha hapo huanza kumetameta, naye huweza kukipenya kama kwamba hakipo. Nyuma yake kuna chumba ambacho hakimo katika ramani. Katika chumba hicho hamna joka wala hazina. Mna maneno tu, yaliyopangwa kutoka juu hadi chini, yakibadilika rangi, yakisema kwamba mchezo huu umetungwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu, hata wenzake aliokula nao. Aliikabidhi kazi, akaacha ajira mwaka 1979, akanyamaza. Mwaka uliofuata kijana wa miaka 15 wa mji wa Salt Lake City aliiandikia kampuni barua akiwaarifu alichokiona.

Wakubwa wakashauriana. Kubadili programu ya kaseti kungegharimu fedha nyingi, na mmoja wa wasimamizi, Steve Wright, akaona kwamba siri kama hizo zinawafurahisha wanunuzi, akazifananisha na mayai ya Pasaka ambayo watoto wa kwao hufichiwa bustanini wayatafute. Jina hilo, yai la Pasaka, likabaki hadi leo. Tuongeze hapa kwamba Robinett hakuwa wa kwanza. Mwaka 1977 mchezo mwingine wa kampuni ile ile, Starship 1, ulifichwa ndani yake salamu kwa jina la mtunzi, nayo haikujulikana hadharani hadi mwaka 2017, baada ya miaka 40. Yupo anayeweza kujiuliza ni majina mangapi bado yamelala katika giza la vyombo vya zamani yakingoja kupapaswa.

Sasa turudi kwenye swali la haki. Wapo watakaosema kwamba Robinett alikosa, na hoja zao si za kupuuzwa. Kwanza, alikubali mshahara akijua masharti. Pili, alitumia mali ya mwajiri, kwani katika kaseti ya baiti 4,096 kila baiti ni kama shibiri ya shamba, na chumba kile kilikula sehemu ya shamba hilo. Tatu, na kwetu hii ndiyo nzito kuliko zote, alimdanganya mtu kwa kunyamaza. Mwalimu anayemkataza mwanafunzi kuandika jina lake juu ya dawati la shule atamsifuje mtu mzima aliyelichora ukutani mwa chumba cha siri?

Jibu letu ni kwamba dawati halikutengenezwa na mwanafunzi. Mshahara hununua kazi ya mtu na saa zake. Hununua hata haki ya kuiuza kazi hiyo. Lakini hauwezi kununua ukweli, na ukweli ni kwamba Robinett ndiye aliyetunga. Kampuni inapoweka jina lake peke yake juu ya kasha haitoi uongo wa waziwazi, bali inaliacha pengo, na watu hulijaza pengo hilo kwa dhana kwamba vitu hivi hujitunga vyenyewe, kama uyoga baada ya mvua. Hiyo ndiyo dhana aliyokuwa nayo mwanafunzi wetu wa Buyenzi. Hivyo aliyenyamaza alikuwa nani kwanza?

Kuhusu neno la yule rais, kwamba mtunzi si zaidi ya mwunganishaji wa kiwandani, sisi twaona kwamba alisema nusu ya kweli kisha akaitumia vibaya. Ni kweli kwamba yule dada wa kiwandani naye ana jina. Lakini kwa kuwa yeye amenyimwa lake, haifuati kwamba na wa pili anyimwe. Hapo ndipo usawa unapogeuka kuwa usawa wa makaburi.

Hata hivyo kuna jambo moja linalotusumbua katika chumba kile. Maneno yake yanamtaja mtu mmoja. Hayamtaji Crowther wala Woods, ambao bila mapango yao ngome hizi zisingekuwapo. Aliyelia kwamba amefutwa, naye alipopata ukuta mdogo wa kuandikia, aliandika lake tu. Hatumlaumu sana, kwa sababu ukuta ulikuwa finyu. Siku hizi kuta zimepanuka, majina hupita mwishoni mwa mchezo kwa dakika nyingi, na bado wapo wanaoachwa kwa sababu tu waliondoka kabla kazi haijakwisha.

Na hapa ndipo tenzi zetu zinapotufaa. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi aliomtungia binti yake mwaka 1858, alilitaja jina lake, pahali alipozaliwa, yaani Pate, na hata tarehe ya kutunga. Mwanafunzi wa haraka atasema kwamba bibi huyu alikuwa akijisifu. La hasha. Tazama desturi ya tamati ilivyo katika tenzi kwa jumla: mtunzi hujitaja, kisha huomba radhi kwa makosa, humwomba msomaji asahihishe palipopotoka na amwombee dua. Jina halikuwekwa pale ili mtu apigiwe makofi. Limewekwa kama vile mtu anavyoweka kidole gumba juu ya hati ya deni. Anasema: mkiona kosa, ni langu, njoni kwangu.

Kwa kipimo hicho, jina lililofichwa halijatimia. Linadai sifa kwa atakayelipata, lakini halijitoi mbele kupokea lawama kabla ya hapo. Tusingetaka kumhukumu Robinett kwa chumba kile peke yake. Mwaka 1980 yeye na wenzake walianzisha The Learning Company, na mwaka 1982 wakatoa Rocky's Boots, mchezo unaowafundisha watoto mantiki kwa kuwafanya waunganishe mitambo midogo wenyewe. Baadaye alifanya utafiti NASA na katika Chuo Kikuu cha North Carolina. Katika kazi hizo jina lake liko hadharani, na ukiona kosa unajua pa kulipeleka.

Tuliahidi kueleza kidonda chetu. Miaka kadhaa iliyopita sisi na wenzetu wanne tuliitwa na ofisi moja kuandaa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili. Tulikaa wiki tatu tukiandika hadi usiku. Tulipodokezwa kwamba majina yetu hayatachapwa, mwenzetu mmoja alipendekeza tulitunge zoezi la mwisho kwa namna ambayo herufi za kwanza za sentensi, zikisomwa kutoka juu kwenda chini, zingetoa majina yetu watano. Tulibishana hadi taa ikazimwa. Sisi ndio tuliopinga kwa nguvu zaidi, tukasema si uaminifu. Leo tunakiri kwamba uaminifu ulikuwa robo ya sababu. Robo tatu ilikuwa hofu ya kukosa posho. Kitabu kikatoka, na ndani yake likatajwa jina la mkubwa aliyekuja siku ya kufunga warsha kutoa hotuba.

Kitabu hicho kingali kinatumika darasani kwetu. Wiki chache baada ya lile swali la kijana wa Buyenzi, msichana mmoja alikileta mezani, kidole chake kikiwa juu ya sentensi isemayo "magonjwa hayo imeenea", katika zoezi lile lile la upatanisho wa ngeli. Akauliza ni nani aliyeandika hivi. Zoezi hilo lilikuwa fungu letu. Tunaikumbuka hata meza tuliyoliandikia.

"Ni sisi," tukamjibu.

Akaligeuza jalada, akalitazama, kisha akatutazama. "Lakini jina lako halimo, mwalimu."

Tukachukua kalamu, tukasahihisha kosa katika nakala yake, na pembeni tukatia sahihi.