Mtumishi Aliyezeeka Kazini: Ana Haki Gani kwa Tajiri Wake?

Limeulizwa katika darasa letu swali ambalo twaona lastahili kujibiwa kwa maandishi, kwani si swali la mtu mmoja. Mtu ameajiriwa na kampuni akiwa kijana. Ametumika miaka 20 au 30. Ameambiwa mara nyingi ya kuwa yeye ni katika watu wa nyumba ile. Kisha kampuni yataka kupunguza watu, na barua ya kwanza yaandikwa kwa jina lake, kwa kuwa mshahara wake umepanda na nywele zake zimegeuka. Je, amedhulumiwa? Au alikwisha kulipwa kila mwezi kwa kazi ya mwezi ule, na sasa hadai kitu?

Wenye kusema hadai kitu hawakosi hoja, wala si uungwana kuipita hoja yao kama kwamba haikusemwa. Wao wasema ajira ni mapatano: huyu auza kazi, yule anunua. Mwenye kununua samaki hakufungwa kumnunulia mvuvi yule yule mpaka afe. Na mtumishi naye, lau angalipata mshahara bora kwengine, angaliondoka bila ya kumwonea tajiri huruma. Mbona basi uaminifu udaiwe upande mmoja?

Hoja hii ingalitimia kama tajiri angalinunua kazi peke yake. Lakini sivyo afanyavyo. Humtaka mtumishi aje usiku meli ichelewapo. Humtaka akubali mshahara usiongezwe mwaka wa hasara. Humtaka awafundishe wageni siri za kazi, na azikatae ahadi za kampuni nyingine. Haya yote huyaita uaminifu, na huyasifu katika karamu za mwisho wa mwaka. Hayamo katika mapatano; na kwa kuwa hayamo, hayakulipwa mwisho wa mwezi. Basi aliyepokea kitu nje ya mapatano, vipi siku ya kulipa akimbilie ndani ya mapatano na kufunga mlango?

Kisa cha Nabii Musa (a.s.) na mzee wa Madyan kimelipambanua jambo hili. Aliajiriwa kwa miaka 8, na akitimiza 10 basi ile miwili ni hisani itokayo kwake. Mzee hakuifanya deni wala hakumtia mashaka kwayo. Kila mmoja alijua lipi ni sharti na lipi ni wema. Matajiri wa zama zetu wataka miaka 10, kisha wakaapa ya kuwa walipatana minane.

Tutazame mfano wa kampuni kubwa, ili isidhaniwe twasema kwa dhana. Kampuni ya Marekani iitwayo IBM, itengenezayo kompyuta, ilichukua jina hilo mwaka 1924. Ilijulikana kwa kutowaachisha watu kwa sababu ya upungufu wa kazi. Hata katika dhiki kuu ya miaka ya 1930 mkuu wake, Thomas Watson, aliendelea kuendesha viwanda. Watu walitoa umri wao wote kwa kutegemea ada ile. Ilipofika 1993 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 8, na ada ikavunjwa; maelfu wakatolewa. Hilo peke yake hatulihukumu, kwani kampuni ilikuwa katika hatari ya kweli.

Yaliyofuata ndiyo yenye mazingatio. Mwaka 2020 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa makazini ilisema imeona sababu ya kuamini ya kuwa baina ya 2013 na 2018 kampuni ile iliwabagua wazee wake, na ya kuwa maagizo yalitoka juu kabisa, wapunguzwe ili vijana wapatiwe nafasi. Kampuni ilikanusha. Lakini mwaka 2022 karatasi zilizofunguliwa mahakamani zilionyesha ya kuwa baadhi ya wakubwa waliwataja watumishi wao wazee kwa jina la wale wanyama wa kale waliokwisha duniani. Na hayo ni katika nchi yenye sheria tangu 1967 ya kumlinda mtumishi mwenye miaka 40 na zaidi! Sheria yaweza kuuzuia mkono. Kicheko cha baraza la wakubwa haikizuii.

Yupo atakayesema: chombo kizamapo hutoswa shehena, ama sivyo wote watakufa. Mfano huu sisi watu wa pwani twaujua vyema kuliko wao, basi natuuchukue wote, tusichukue nusu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kutosa mali ya mtu bila ya idhini yake ana dhamana ya kuilipa, hata kama alitosa kwa kuokoa chombo. Dharura humwondolea dhambi, haimwondolei deni. Na Imamu Ghazali katika al-Mustasfa amelileta suala la watu waliomo chomboni, ambao wakimtosa mmoja wao wataokoka waliobaki, akasema haijuzu. Hatusemi ya kuwa kupunguzwa kazi ni kuuawa. Twasema ya kuwa aliyeokoka kwa hasara ya mwenziwe ana deni naye. Na ya kuwa nahodha huanza kutosa mizigo yake mwenyewe. Kampuni inayowatoa wazee mwezi wa Machi na kuwagawia wakubwa wake bahashishi mwezi wa Aprili haikuwa yazama.

Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka tajiri anayepunguza watu atoe ilani ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mtumishi mwenyewe kama si mwanachama, na kwa afisa wa kazi. Katika kuchagua yamtaka azingatie urefu wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Na Katiba ya 2010 yakataza kubaguana kwa umri. Basi aliyetumika miaka 30 hutoka na mshahara wa siku 450, yaani kama miezi 15. Hicho ndicho kiasi cha chini, na wengi wamekifanya kuwa cha juu. Wengine hata hicho hukikimbia: humwita mzee faraghani, wakamwambia atie sahihi ya kustaafu kwa hiari, na hiari yenyewe ni kuambiwa achague leo. Au humrudisha kazi ile ile kwa kibarua cha kutwa.

Wala hatukatai ya kuwa mzee huweza kupungukiwa. Asiyeweza tena kupanda juu ya kreni, kumwacha apande ni kumhatarisha yeye na walio chini. Lakini mara ngapi alijaribiwa? Mara ngapi alifundishwa mashine mpya kabla ya kuambiwa haziwezi? Na ajabu yao ni kuwa wakisha kumtoa, simu yake hailali, wakimwuliza mambo yaliyowashinda.

Imamu Abu Yusuf amepokea katika Kitab al-Kharaj ya kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mzee kipofu, katika Mayahudi, akiomba mlangoni. Alipojua ya kuwa ni uzee na haja na kodi vilivyomleta pale, alimchukua nyumbani kwake, akampa, kisha akaamuru atazamwe kutoka Baitul-Mali. Na sababu aliyoitoa ndiyo jawabu ya swali letu: haikuwa insafu kula ujana wake kisha kumtupa ukongweni. Hakuuliza mapatano yalisemaje.

Tumewataja watu wa mbali, na twaona haya kutojitaja. Katika maduka yetu wenyewe, na katika nyumba zetu, wamo watumishi walioitwa “mwanangu” kwa miaka 20, wakafunguliwa duka asubuhi na kulifunga usiku, na siku walipoumwa mgongo wakapewa nauli ya kurudi kwao. Mfuko wa NSSF upo tangu 1965, mtumishi huyo hakuandikishwa hata siku moja, kwa kuwa bwana alisema, “Huyu ni mtu wetu.” Neno hilo “wetu” lilimkosesha kiinua mgongo. Lau angalikuwa mgeni, angaliandikwa.

Imebaki sehemu ya pili ya swali, aliyoiuliza kijana: je, akiyajua haya, aitumikie kampuni kwa nusu ya moyo? Hapana, saa alizolipwa ni amana iliyo juu yake, na kuziiba ni wizi, tajiri awe mwema au mwovu. Ama yale yaliyo nje ya saa zile ni mali yake mwenyewe. Akitaka kuyatoa na ayatoe, lakini ayaandike kwa tarehe, na awe na shahidi.