Diwani Matangani na Diwani Barazani

Liko suala ambalo watu wa miji yetu hulipita kila siku wala hawasimami kulitazama. Mtu tuliyemchagua kwa kura zetu, naye akawa analipwa kwa kodi zetu, tunamdai nini hasa? Tunamdai aje mazikoni na arusini, achangie madrasa na karo ya yatima, akae jamvini ale nasi? Au tunamdai jambo jingine, na hayo yote ni nyongeza tu? Na ikiwa ni jambo jingine, mbona miaka mitano ikiisha hatumuulizi hilo, bali twamuuliza alikuwa wapi siku ya matanga ya fulani?

Tumeona bora tulitazame suala hili mbali kidogo na kwetu, kwani mtu akitazama ya mbali hutazama bila ya hasira, na huko hakuna mjomba wala shemeji wa kumstahi. Basi twende bara, hata Doldol.

Doldol ni mji mdogo wa Laikipia, kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Nanyuki, ambako Mlima Kenya huonekana kwa mbali na mvua zake huishia njiani. Wakaao huko wengi wao ni Wamaasai wa Mukogodo, watu wa mifugo. Kwa mapatano ya 1911 Waingereza waliwaondoa Wamaasai katika malisho mema ya Laikipia wakawapeleka kusini, na malisho hayo wakapewa walowezi. Mukogodo, kwa ukame wake, ikaachiwa wafugaji. Zamani mji huu ulikuwa na diwani wake katika Baraza la Kaunti ya Laikipia, kama miji yetu ilivyokuwa na madiwani wake. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kwa amri ya Katiba ya 2010, madiwani wa Kenya waliondoka, na mahali pao wakaingia wawakilishi wa wadi katika mabunge ya kaunti 47. Bunge la Laikipia hukaa Nanyuki. Ndugu zetu wa Tanzania wangali na madiwani kwa jina na kwa kazi. Kwetu jina limeondoka katika sheria lakini halikuondoka vinywani, nasi katika maneno haya tutasema diwani.

Hebu fikiri, ndugu msomaji, hali ya mchungaji wa huko. Akitaka kusikiliza yanayosemwa katika bunge la kaunti yake, yampasa atoe nauli, apoteze siku nzima, na amtafute mtu wa kumchungia mbuzi. Karatasi za makadirio hazimfikii, na zikimfikia zimeandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Lakini jirani yake akifa, au kijana akioa, au shule ikifanya mchango wa bweni, watu hukusanyika kutoka maboma ya mbali, na hapo ndipo atakapomwona diwani kwa macho yake. Kwa mtu huyu shughuli si upuuzi. Ndiyo baraza yake. Wale wa mijini wasemao kwamba diwani wa kweli hana haja ya kuzunguka mazikoni, husema hivyo kwa kuwa ofisi ya kaunti iko ng'ambo ya barabara yao.

Tena lipo jambo la utu. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 mvua zilikosekana kaskazini ya Kenya misimu mitano mfululizo. Hesabu ya mifugo iliyokufa yaweza kusomwa ofisini, na feni inazunguka. Harufu ya mizoga haisomwi, wala kimya cha boma lililokuwa na ng'ombe. Mtu ambaye hakuketi na waliopatwa, atasimama bungeni aseme nini?

Kwa hiyo hatuwaungi mkono wanaodharau kuhudhuria. Lakini kuna hatari ndani yake, nayo ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Katiba hiyo ya 2010, katika kifungu cha 194, yasema kwamba mwakilishi akikosa vikao vinane vya bunge la kaunti bila ya ruhusa ya Spika iliyoandikwa, na akashindwa kutoa udhuru wa kuridhisha, kiti chake huwa wazi. Hilo ndilo daftari la sheria. Na watu nao wana daftari lao, halikuandikwa popote, nalo lahesabu mazishi. La kwanza ni wachache waulizao habari zake. La pili kila bibi kizee analo kichwani, kwa majina ya marehemu na siku zao. Diwani ni mwanadamu. Atalitii daftari lisomwalo.

La kustaajabisha ni kwamba neno lenyewe "diwani" asili yake ni daftari. Katika karne ya kwanza ya Hijria, Sayyidna Umar bin Khattab alipoona mali ya umma imekuwa nyingi, aliweka diwani, yaani daftari la majina ya watu na fungu la kila mmoja, ili mtu apewe kilicho chake kwa kuwa jina lake limeandikwa, si kwa kuwa amempendeza mgawaji. Kutoka hapo neno likasafiri: likawa ofisi, likawa baraza, likawa mkusanyo wa mashairi, mpaka likafika katika mwambao wetu likiwa cheo cha mtu. Na lilipofika tulilifanyia nini? Vumba, kusini ya Mombasa, mtu hakuwa diwani ila baada ya kulisha mji karamu kubwa. Na Pangani pia vyeo vya mji vilitafutwa kwa karamu. Daftari la haki za watu likageuka sinia la pilau. Basi watu wa pwani tusiwacheke wafugaji wa Laikipia kwa kutaka diwani achinje. Sisi tulikuwa na desturi hiyo kabla ya kuwako Nanyuki.

Sasa tulipime jambo hili kwa kisa kilichotokea huko huko Doldol, kwani ndicho kilichotufanya tuuchague mji huu. Kwa miaka mingi jeshi la Uingereza lilifanya mazoezi katika nchi hizo za malisho, Doldol na Archer's Post upande wa Samburu, na mabomu yasiyolipuka yakabaki nyasini. Wachungaji, na wengi wao watoto, waliyakanyaga au wakayaokota wakidhani ni vyuma tu. Wako waliokufa, na wako waliopoteza mikono na macho. Hapana shaka kwamba katika kila msiba watu walikusanyika, wakazika, wakawaliwaza wafiwa, wakachanga walichonacho, kama watu wafanyavyo popote. Yote hayo yalikuwa wajibu. Lakini rambirambi haziondoi bomu ardhini. Lililogeuza mambo lilikuwa kuandika: majina ya waliodhurika yakakusanywa, ushahidi ukapangwa, mawakili wa London wakapeleka madai, na katika 2002 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu zaidi ya 200. Mtu aweza kusema fedha hizo zilikuwa kidogo kwa damu ile, nasi hatutamkatalia. Twasema tu kwamba mtu angeweza kuhudhuria mazishi hayo yote, moja baada ya jingine, kwa machozi ya kweli, na la kumi na moja likaja kama lilivyokuja la kwanza.

Hapo ndipo tunapoona kipimo. Liko analoweza kulifanya kila jirani, na liko asiloliweza ila aliyepewa amana. Kuzika ni kwa kila jirani. Kusimama mbele ya walioshika hazina akauliza kwa nini kisima kilichoandikwa mwaka jana hakikuchimbwa, hilo ni la diwani peke yake. Akiliacha halina wa kulichukua. Basi akiliacha la pekee akashika la wote, hata akalifanya vizuri kupita wote, amefanya ujirani mwema kwa mshahara wa kazi nyingine.

Na mkono utoao je? Hapa yatupasa tuseme wazi, maana hapa ndipo tunapopotea sote, diwani na sisi. Diwani asimamaye mbele ya hadhara akatoa bahasha ana njia mbili. Ama fedha ni zake, ama ni za umma. Zikiwa za umma, kama hundi za karo zinazotolewa kwa jina la fulani ilhali zimetoka katika hazina, basi ametupa kilicho chetu akapokea shukrani isiyo yake. Zikiwa zake, yafaa tujiulize mshahara wa mtu mmoja umewezaje kuhudhuria harambee zote hizo. Na kama kweli umeweza, bado liko swali: amenunua nini? Mwenye kutoa bahasha hununua kimya. Baba aliyelipiwa karo ya mwanawe hatasimama mwezi ujao kumuuliza mtoaji habari ya zahanati isiyo na dawa. Atatazama chini. Si kwamba ametishwa. Ameona haya tu, na haya ni tabia njema ya watu wetu, ndiyo maana wajanja hujua kuitumia.

Haya si mageni kwa watunga sheria. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 iliweka mipaka juu ya harambee, na Julai 2024, baada ya vijana kuandamana nchini, Rais William Ruto alitangaza kwamba maofisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena katika michango ya hadhara. Kutangaza ni jambo jepesi. Zito zaidi ni lile la Novemba mwaka huo huo, pale Philip Anyolo, Askofu Mkuu wa Wakatoliki wa Nairobi, alipokataa fedha ambazo Rais mwenyewe alikuwa amelipa kanisa moja la mtaa wa Soweto. Tusione haya kujifunza kwa jirani. Ni misikiti mingapi katika miji yetu ingeirudisha zulia iliyoletwa mwezi wa kampeni?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, imeitaja kazi ya mwakilishi kwa maneno mepesi: awe karibu na wapiga kura, awatake shauri juu ya mambo yanayojadiliwa, ayapeleke maoni yao bungeni, ahudhurie vikao na kamati. Kisha ikamkataza kujiingiza katika kazi za watendaji, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mtumishi wa kaunti. Tazama, basi: sheria yenyewe yamtaka awe karibu na watu, lakini karibu ya kusikiliza, si karibu ya kugawa. Na tazama jambo jingine, ambalo ni la kuchekesha kidogo. Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti afya, maji ya watu, shule za watoto wadogo, minada ya mifugo, na pia makaburi. Kwa hiyo diwani anayetaka kuwatendea wema maiti wetu ana kazi ya kutosha: uzio wa makaburi, njia ya kufika makaburini, ardhi ya kuzikia itakapojaa hii iliyopo. Hotuba juu ya jeneza si katika kazi hizo.

Kwa maoni yetu basi, diwani na aje shughulini, Doldol na kwetu, ila aje mikono mitupu, na abadilike anayesema. Desturi ya leo ni kwamba yeye hupewa kipaza sauti, watu wakapiga makofi. Maziko yaachiwe wafiwa. Huko akae kama waja wengine, anyamaze. Lakini katika shughuli nyingine, baada ya chakula, wapewe kipaza sauti watu, naye akae asikilize na kuandika. Mama mmoja aulize habari ya maji. Mzee aulize ule mnada wa mifugo uliahidiwa uzio, uko wapi? Nusu ya saa yatosha. Atakayeona nusu ya saa hiyo ni nzito kwake ataacha kuja, na tutakuwa tumejua alikuwa akifuata nini.

Nasi tuwe na haki. Tusimwite kila siku kisha tukamlaumu kuwa hakuwako kazini. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya kaunti hupelekwa bungeni kabla ya 30 Aprili, na yapasa yapitishwe kabla ya 30 Juni. Katika miezi hiyo miwili ndipo huamuliwa kama zahanati itapata dawa na kisima kitachimbwa wapi. Arusi ziko mwaka mzima. Miezi hiyo miwili twaweza kumwachia. Mauti hayangoji tarehe, na huenda maziko yakaangukia siku ya kikao. Wafiwa watamtazamia, hilo ni kweli. Basi na asimame mmoja wetu jamvini, mtu wa kuheshimiwa, awafikishie salamu zake, awaambie kwamba diwani yuko Nanyuki tangu asubuhi, na kwamba leo ndiyo siku ya hesabu ya maji.