Shujaa si Hirizi

Daftari langu la kwanza la riwaya, nililoanza kuliandika nilipomaliza kidato cha nne, lilikuwa na shujaa asiyejua woga. Alishuka Milima ya Mbizi na mkuki mmoja, akawafukuza wavamizi mia, asipate hata mkwaruzo. Nikampa mshikaji wangu asome. Yeye ni mchoraji wa mabango na kuta za saluni hapa Sumbawanga mjini. Siku ya tatu akanirudishia.

"Kaka, huyu jamaa mimi hanisaidii kitu," akasema. "Hajawahi hata kudaiwa kodi ya chumba."

Niliudhika, nisiseme uongo. Lakini swali lake halikuniacha. Shujaa amsaidie nini mtu asiyeijua kesho yake?

Maana sisi vijana kesho hatuijui. Ukisema ulime mahindi, bei yaweza kuanguka ukiwa umeshavuna. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, wakulima wa mikoa kama Rukwa walibaki wanatazamana na magunia. Ukisema usome, cheti si ajira. Ndiyo sababu tunatafuta mtu wa kumtazama. Ingia saluni yoyote ya kunyolea utawaona ukutani: wanamuziki, wacheza mpira, watu na magari yao. Siwalaumu, wengine wametoka jasho kweli. Ila picha zile zinatunong'oneza jambo: mfuate huyu, na shida haitakugusa. Jamani, hiyo ni hirizi. Na shujaa wa daftari langu alikuwa hirizi vilevile, tofauti yake alishika mkuki.

Sisi wa huku neno hilo lingetushtua kabla ya wengine. Ukifika Dar es Salaam ukataja unakotoka, watu wanacheka na kujidai wanakuogopa: huyo mchawi! Kumbe jina la mji wetu huelezwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Basi mimi nasema tulichukue jina hilo liwe agizo kwetu tunaoandika na kuchora. Kabla hujamleta shujaa kwa watu, mvue hirizi kwanza.

Kijana mmoja alishatuonyesha njia. Kinjekitile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipokuwa vinaanza. Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, alikuwa bado na miaka ishirini na kitu, na taifa lilikuwa changa, lina njaa ya mashujaa. Angeweza kutuchongea sanamu tukapiga makofi. Badala yake akampa mtu wake mashaka. Kinjeketile wa jukwaani anaanza kujiuliza kama maji yale yanazuia risasi kweli, huku akiona kwamba umoja ulioletwa na maji hayo si wa uongo. Mwishoni wanamtaka atamke kuwa maji ni uongo. Anakataa, kwa kuhofia kwamba neno hilo litawavunja moyo hata watakaopigana baadaye.

Je, alitenda haki? Mshikaji wangu anasema hapana, watu walikufa wakiamini dawa. Mimi nimebadili mawazo zaidi ya mara moja. Leo naona kukataa kwake kulilinda tumaini, lakini deni la waliokufa halikufutika. Namheshimu Hussein kwa sababu hakulificha deni hilo. Alituachia tulibebe wenyewe.

Atatokea mtu aniambie: ndugu, mashaka ni anasa ya walioshiba, mwenye shida mpe matumaini. Sawa, lakini je, matumaini lazima yachanganywe na uongo? Mkumbuke John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Alianguka, goti likaumia, akaendelea hadi akamaliza wa mwisho, giza limeshaingia. Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, lakini ni wangapi kijiweni watakutajia jina lake? Akhwari hakumwahidi mtu medali, na bado mtu akisikia habari zake anapata nguvu ya kuamka asubuhi.

Hapa Ufipa tunayo mabaki ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo wazee waliyeyusha chuma bila mivukuto, upepo ukijivuta wenyewe kwa urefu wa tanuru. Chuma kile kilifuliwa majembe. Majina ya wengi waliobeba udongo na kukata kuni hatuyajui. Jembe lao halikumwahidi mtu mvua. Lilimwambia tu kwamba kazi bado ipo, na kwamba ataifanya akiwa na kitu mkononi.

Mwezi uliopita mshikaji wangu alipewa ukuta wa saluni achore anachotaka. Akamchora mama mmoja ameinamia matuta, kanga imefungwa kichwani, amechoka waziwazi. Wateja wanauliza, huyu nani? Anawajibu, "Mnamjua."

Nami nimeanza daftari jipya. Shujaa wangu wa sasa anaogopa, na anadaiwa kodi ya miezi miwili. Sijui kama atashinda. Kila jioni naketi kuandika ili nione kesho yake ataamka afanye nini.