Maji ya Kwao, Kura ya Kwetu

Magavana wawili wakitia sahihi mkataba wa ushirikiano, sisi huwapigia makofi kana kwamba wametupa zawadi. Picha ni ile ile kila mara: meza ndefu, chupa za maji, bendera ndogo, wakuu wanabadilishana faili. Habari inasema kaunti fulani "imekubali" kufanya kazi na jirani yake. Hilo neno ndilo hunikera. Mtu hukubali kitu ambacho angeweza kukataa. Sasa kaunti mbili zinazopakana, zinazogawana mito na barabara, zina haki ya kukataa?

Naishi Kabiria, kwa hivyo kwangu hili si swali la darasani. Ukishika Naivasha Road hadi Uthiru, kuna mahali Nairobi inaisha na Kiambu inaanza, na wala hutajua. Hakuna geti, hakuna daraja. Ploti zinafanana, bei ya sukuma inafanana, ukivuka Waiyaki Way unajikuta Kinoo. Hata huku kwetu tuliwahi kuwa upande ule: Dagoretti ilikuwa Kiambu mpaka mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka 1963. Guka mmoja jirani yangu bado husema "naenda Nairobi" akipanda mathree ya kwenda tao. Vijana humcheka. Mimi naona ana hoja, maana mpaka uliamuliwa ofisini na yeye hakutoka shambani kwake.

Kuna siku serikali yenyewe ilikiri kwamba mpaka huo hauelezi maisha yetu. Aprili 2020, Korona ilipoingia, amri ya kufunga jiji haikuishia kwenye Kaunti ya Nairobi. Ilichukua Kiambu hadi daraja la Chania kule Thika, ikachukua Rironi, Ngong, Ongata Rongai, Kitengela, mpaka Athi River. Watu wa kaunti nne tukafungiwa pamoja kwa miezi mitatu. Hakuna aliyebisha kwamba Rongai si Nairobi. Wakati wa hatari tulijua vizuri sana nani anaishi na nani. Hatari ilipopungua, kila gavana akarudi kulinda shamba lake.

Najua jibu la wapenzi wa ugatuzi, na ni jibu zito. Kabla ya 2013 kila kitu kilisubiri mtu wa Nairobi aamke vizuri. Zahanati ya kijijini ilingoja sahihi ya mkubwa ambaye hajawahi kufika huko. Katiba ya 2010 ikatupa kaunti 47 ili watu wajiamulie, na kujiamulia bila uwezo wa kusema "hapana" ni maigizo tu. Nakubali. Lakini mtu hujiamulia mambo yake, na kuna vitu ambavyo havijawahi kuwa vya kaunti moja. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 189, inaziambia kaunti zishirikiane na kuziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kwa hivyo kushirikiana ni wajibu. Tunabaki kubishana jinsi ya kuutimiza.

Chukua maji, ambayo ndiyo kesi ninayoijua kupitia mitungi. Mto Nairobi, uliotupa jina la jiji, unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, Kiambu. Chemchemi za Kikuyu na bwawa la Ruiru, yote Kiambu. Sasumua ni Nyandarua. Ndakaini, lile bwawa kubwa lililokamilika mwaka 1994 na linalobeba mita za ujazo milioni 70, liko Murang'a, kaunti ambayo hata hatupakani nayo. Juu yake tumeongeza handaki la karibu kilomita 12 linalokusanya maji ya Maragua, Gikigie na Irati. Karibu kila kikombe cha chai hapa mjini kimetoka kwa jirani. Na huko kwa jirani kuna nyumba zinazoliona bwawa kutoka dirishani lakini hazina bomba. Sisi nasi bomba letu hukauka, tunanunua mtungi wa lita ishirini, tunalaumu kila mtu, lakini si wengi kati yetu wanaojiuliza maji hayo yalikuwa ya nani.

Gavana wa kwanza wa Murang'a, Mwangi wa Iria, alipodai asilimia 25 ya mapato ya maji hayo, watu wengi wa mjini walimwona mchokozi. Maji ni ya Mungu, walisema, mvua hainyeshi kwa kaunti. Sawa. Ila ni sisi sisi tunaokasirika kila Nile inapotajwa. Mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri uliwataka watu wa huku juu waombe ruhusa ya Misri kabla ya kuyagusa maji ya mto na maziwa yake. Tunauita ukoloni, na ni ukoloni. Basi mbona Nairobi ikiwa chini ya mlima na Murang'a juu, ghafla sisi ndio Misri na tunaona ni kawaida? Siwezi kuona msimamo wa haki unaobadilika kulingana na mahali ulipochota.

Kwangu, haki hapa haihitaji kufika kwenye asilimia 25. Inaanza na mambo madogo kuliko hayo: aliye juu aulizwe kabla handaki halijachimbwa, apate bomba kabla ya sisi kupata la pili, na awe na mahali pa kulalamika ambapo atajibiwa. Pesa zije baada ya hapo.

Hapo ndipo mikataba hii inaponitia wasiwasi, hata ninapoitetea. Wakubwa wakishirikiana, lawama nayo hugawanywa hadi inapotea. Kijana wa Kinoo anaamka saa kumi alfajiri, anafanya kazi Industrial Area, anatumia pesa yake huku, kanjo wa Nairobi wanamkimbiza na bidhaa zake jioni. Kura yake iko Kiambu. Gavana wa Nairobi hamhitaji, na gavana wa Kiambu atamwambia hayo ni ya jirani. Mamlaka ya usafiri ya NaMATA iliundwa mwaka 2017 kwa ajili ya kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, na wazo lake ni zuri kabisa, kwa sababu mathree haijui mpaka. Lakini jaribu kumuuliza abiria yeyote kwenye steji ya Kawangware ni nani huko anayemwakilisha. Mkutano wa majirani ambao majirani wenyewe hawakualikwa, mimi nauita mkutano wa wenye nyumba. Wapangaji watasikia kodi ikipanda.

Kwa hivyo siku nyingine nikiona ile picha ya meza ndefu, sitaangalia sahihi. Nitamuuliza mama anayenunua mayai Wangige alfajiri na kuyauza Kawangware saa mbili. Katiba, kifungu cha 209, inakataza kaunti kutoza kodi kwa njia inayoumiza biashara inayovuka mipaka yake. Nataka kujua kama njiani bado wanamtoza mara mbili, huko na huku, na kama kuna ofisi moja, iwe upande wowote, inayoweza kumrudishia pesa yake.