Daftari la Rubani

Mwaka 1916 ndege za Waingereza zilipeleleza reli ya Tanga, ipitayo Same chini ya Milima ya Upare, zikiwatafuta Wajerumani. Rubani, kama baharia, aliandika daftarini saa, njia, hali ya hewa na alichokiona. Twauheshimu uandishi huo, kwani haukungoja kumbukumbu ichakae.

Lakini je, asiyeandikwa hakuwapo? Sisi twakataa. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo, wengi wao wakafa kwa maradhi na njaa, hawakupewa daftari. Na kutoka angani mtu ni nukta tu. Mwanafunzi alisome daftari la rubani kwa adabu, kisha apande milimani awaulize wazee: babu zao walisimulia nini juu ya mlio ule?